Pombe ya Kushika Lango

Mama mwenye nyumba wangu wa Gisozi, Kigali, alikuwa na sheria moja ambayo hakuna mpangaji aliyewahi kuivunja: jerikani yenye kitambaa cheupe kwenye mshikio ni ya kunywa, yenye kitambaa chekundu si ya kunywa. Wapangaji karibu wote wa ua ule tulifanya kazi kwenye karakana za fanicha pale chini, na kila kitu chetu kilikaa kwenye jerikani za njano za lita ishirini. Maji yalikuwa humo, gundi ilikuwa humo, thina ya kuchanganyia vanishi ilikuwa humo, na mara mbili tatu kwa mwaka, pombe. Jerikani zote zinafanana. Bila kitambaa hujui umeshika nini.

Mimi ndiye niliyeivunja ile sheria, na niliivunja kwa usafi.

Nilikuwa na miezi saba pale, muda mrefu kwangu. Kabla ya Kigali nilikaa Bukoba, nikakaa Kampala, nikakaa Bujumbura, na kila mahali niliondoka kwa namna moja: jambo likiharibika, nafunga mkoba na kuulizia basi. Shule niliiacha darasa la sita, na kutoka hapo nimejifunza kwa kuwauliza watu maswali mpaka wachoke. Gisozi nilipata kazi ya kupiga msasa na kupaka vanishi milango na vitanda. Kazi hiyo inakulisha, lakini inakula pua. Kufikia mwezi wa tatu sikuweza tena kujua kama maziwa yameharibika mpaka niyaonje.

Mwenye nyumba tulimwita Mukecuru, yaani bibi, kwa heshima. Alizaliwa na kukulia Bujumbura, Kiswahili chake kilikuwa cha huko, na alipika pombe ya mtama, ile inayoitwa ikigage, jinsi alivyofundishwa na mama yake. Hakuiuza. Alipika palipokuwa na jambo la familia tu. Mara ya kwanza nilipomwona akitandaza mtama uliolowekwa juu ya gunia ili uchipue, niliacha nguo zangu kwenye beseni nikaenda kuchuchumaa kando yake. Kwa nini uchipue? Kwa nini uanikwe tena baada ya kuchipua? Povu linatoka wapi? Alijibu matatu, la nne akaniambia nikalete kuni.

Maswali ambayo yeye hakuyajibu niliyapeleka mtaa wa Kiyovu. Kulikuwa na nyumba moja ya zamani huko, yenye milango kumi na mmoja ya mbao nzito, na nilitumwa kuipaka vanishi upya kwa wiki mbili. Mwenyewe alikuwa mzee mstaafu aliyefanya kazi maabara maisha yake yote, na katika chumba cha nyuma alijitengenezea bia ya shayiri kwenye chupa kubwa za kioo, kwa kujifurahisha. Siku aliyonikuta nimeweka brashi chini ninachungulia chupa zake, hakunifukuza. Alinionyesha jinsi anavyoihamisha bia kutoka chupa ya kwanza kwenda ya pili ili kuitenga na mashapo yanayozama chini. Mashapo yale, alisema, ni hamira iliyokwisha kazi, na bia ikikaa juu yake sana inachukua ladha mbaya. Havuti mpira kwa mdomo kama watu wanavyovuta petroli, maana mdomo una vijidudu vya kuichachusha bia. Anaujaza mpira maji yaliyochemshwa, anaziba ncha kwa kidole, anauzamisha. Kila kitu kinachogusa bia kinaoshwa kwa maji ya moto na dawa. Hakuna vumbi, hakuna tambara. Neno hilo la tambara alilirudia, akionyesha kitaulo changu cha vanishi nilichokuwa nimekitupia begani.

Nililibeba neno hilo mpaka Gisozi.

Mtoto pekee wa Mukecuru alikuwa dereva wa basi la wafanyakazi huko Kacyiru, kijana mpole wa miaka thelathini na kitu, na alikuwa amempata mchumba. Hatua ya kwanza kwa Wanyarwanda ni kushika lango: watu wachache wa upande wa mvulana wanakwenda kwa wazazi wa msichana na pombe, wanasema wamekuja kuomba nafasi ya kurudi. Wakipokewa, lango ni lao, na familia nyingine haiwezi kuja kubisha. Siku hizi watu wengi wanapeleka kreti za bia na soda. Lakini msichana huyu alikuwa na babu. Babu alitoa ujumbe kwamba kreti anaweza kuzinunua mwenyewe dukani; anayetaka mjukuu wake alete ikigage iliyopikwa na mkono wa mama wa mvulana. Alikuwa ameteremka kutoka kijijini kwa ajili ya siku hiyo tu, Jumamosi, na Jumapili alikuwa anarudi. Bila yeye hakuna ambaye angejibu.

Kwa hiyo wiki ile ua mzima ulinuka uji. Mukecuru alipika Jumatano, akapoza, akatia hamira yake, akafunika pipa la bluu kwa kitenge. Alhamisi lilikuwa linachemka lenyewe, ukiweka sikio unasikia kama mvua ndogo juu ya majani. Ijumaa asubuhi ilikuwa siku ya kuihamisha: kutoka kwenye pipa kwenda kwenye jerikani mbili, iache mashapo, iendelee kuiva taratibu humo, na isafiri bila kutibuka.

Mukecuru alikuwa akiihamisha kwa kuchota na bakuli na kuchuja. Nilimwomba aniachie. Nilimweleza habari ya mpira, ya kutoichafua kwa vumbi la hewani, ya pumba ambazo zingebaki chini zisiingie kwenye meno ya babu. Akasema ana umushanana wa kupiga pasi na gari la kuazima, basi nifanye, ila nisimwage. Umushanana ni lile vazi la sherehe linalofungwa begani, na lake lilikuwa na mikunjo ya miaka.

Nilichukua jerikani tatu kutoka bandani, mbili za kujaza na moja ya akiba. Zote zilikuwa zimefunikwa vumbi la mbao kiasi kwamba hata njano yake ilikuwa ya kahawia. Vitambaa kwenye mishikio vilikuwa vigumu, vya rangi ya udongo. Nikakumbuka neno la Kiyovu. Nikavifungua vyote vitatu nikavitupa kwenye beseni la sabuni, nikajisifu kimoyomoyo. Kisha nikaziosha jerikani kama mtu anayemwosha mtoto mchanga: maji ya moto, sabuni, kokoto za kutikisia ndani, dawa, maji ya moto tena. Nikazipindua zikauka juani.

Uhamishaji wenyewe ulikwenda vizuri ajabu. Nilisaidiwa mapema kuliinua pipa juu ya benchi la kazi, nikaliacha saa nzima litulie. Nikajaza mpira maji yaliyochemshwa, nikaziba kwa kidole, nikauzamisha polepole mpaka kiganja kimoja juu ya mashapo. Maji ya mpira nikayaacha yatoke chini kwanza, na pombe ilipofika, rangi ya waridi iliyochanganyika na maziwa, nikaiingiza ncha mpaka chini kabisa ya jerikani ili isianguke na kutoa povu. Haikutoa sauti hata kidogo. Jirani yangu, fundi wa vitanda, alisimama na kikombe chake cha chai akaniita dada daktari wa pombe, akaniuliza kama mgonjwa atapona. Nilimwambia asinifanye nicheke, mkono utatetemeka. Nikajaza ya kwanza, nikahamia ya pili, na mashapo yalipoanza kuusogelea mpira nikauinua. Vifuniko nikaviacha nusu, hewa ipite, maana pombe hai ukiifungia kabisa inaipasua jerikani. Ile ya tatu ilibaki tupu. Nikaiweka kando.

Saa tisa alasiri nilirudi kusuuza vitambaa ili nivifunge tena mahali pake. Nilikikamua cha kwanza: cheupe. Cha pili: cheupe. Cha tatu kilitoa maji ya kahawia, nikakikamua tena, na rangi ikaja.

Kilikuwa chekundu.

Nilibaki nimekishika. Jerikani moja kati ya tatu ilikuwa imewahi kubeba thina, na nilikuwa nimefuta alama yake kwa mikono yangu. Inaweza kuwa ile tupu. Inaweza kuwa mojawapo ya zile mbili zilizojaa. Niliinama nikanusa jerikani moja baada ya nyingine, nikasahau kwamba pua yangu ilikufa zamani. Zote zilininukia sabuni, au nilidhani hivyo.

Nitasema ukweli: nilikwenda chumbani nikakunja nguo zangu. Basi la Kampala huondoka jioni. Nilikuwa nimefika kwenye viatu nilipoisikia pasi ya Mukecuru ng'ambo ya ukuta, inawekwa, inainuliwa, inawekwa. Nikawaza kwamba yeye hajui, na kwamba nikiondoka hatajua mpaka kesho, mbele za watu. Nikatoka na kile kitambaa mkononi.

Nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni. Aliweka pasi wima. Hakuinua sauti.

“Umeonja?”

“Sijaonja, Mukecuru.”

“Usionje.” Akakichukua kitambaa, akakigeuza. “We mwana, umeosha mpaka ukaosha na akili.”

Nilisema ndiyo. Nilisema samahani, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

“Sikia,” akasema. “Kesho mwenye kuleta pombe ndiye anaonja kwanza, mbele yao, waone haina sumu. Ni desturi. Ni mimi. Mwanangu atakaa hapa, yule babu atakaa pale, na mimi nitashika kikombe. Sasa niambie, nitakiinua namna gani?”

Aliliacha vazi lake kwenye meza, tukaenda pamoja bandani. Alizinusa zile jerikani mbili zilizojaa, akafunga macho, akanusa tena. Alisema zinanuka ikigage, ikigage nzuri, lakini ikigage ina harufu kubwa, na nyuma yake unaweza kuficha kitu. Hatawapa wakwe zake kitu kwa kubahatisha. Mwanawe aliporudi kazini akaambiwa, alikaa kwenye ngazi na kofia yake ya kazi magotini. Alipendekeza kreti. Mama yake akamwambia babu alishasema neno lake kuhusu kreti, na kwamba wakikosa uhakika watakwenda mikono mitupu na kusema kweli, potelea mbali. Kijana hakunitazama kwa hasira. Ingekuwa rahisi zaidi kama angenitazama hivyo.

Aliyetuokoa kwa mawazo ni fundi wa vitanda. Alisema thina haitoki kwenye jerikani kirahisi hivyo.

“Hiyo plastiki iko inalewa,” alisema, kwa Kiswahili chake cha Kigali. “Unaosha, unaosha, bado iko imelewa. Funga kifuniko, weka kwa bati, jua ipige. Kama ilikunywa thina, itatapika.”

Ile tupu ndiyo ya kuweka juani. Ikitoa harufu, basi ndiyo ya kitambaa chekundu, na zile mbili za pombe ni salama. Isipotoa, mbaya iko kati ya zilizojaa, na zote mbili zinamwagwa. Hesabu ilikuwa nyepesi hivyo. Mimi nikaongeza jambo moja, maana mzee wa Kiyovu hakuwahi kupima kitu kimoja peke yake: tuweke juu ya bati na jerikani nyingine, moja ya jikoni kwa Mukecuru ambayo haijawahi kubeba chochote ila maji, na anayenusa asijue ipi ni ipi. Fundi akachora alama ya chaki chini ya ile ya mashaka, akasema yeye ndiye atakayezishusha.

Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo ilikuwa umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa mzima, na hakuna anayebaki nyumbani. Jerikani mbili tupu tulizipandisha kwenye paa la banda, vifuniko vimekazwa, saa mbili kasoro. Asubuhi ilikuwa na wingu. Tulipelekwa kuzibua mtaro unaoteremka kutoka barabara ya juu, na mimi nilichimba nikiangalia angani kuliko chini, mpaka mama mmoja akaniuliza kama nasubiri ndege. Mukecuru alifagia kando ya barabara na wazee wenzake. Saa tatu na nusu wingu likapasuka. Sijawahi kufurahia jua la kuchoma shingo namna ile. Lilipiga bati za Gisozi nzima mpaka zikameta, na kwa saa moja na nusu nilipiga jembe kama niliyeahidiwa kitu.

Baada ya kazi kuna mkutano, na mkutano una maneno mengi. Tulifika nyumbani saa sita na robo. Fundi alipanda, akazishusha jerikani zimevimba kwa joto, mbavu zimetokeza, akazigeuza geuza nyuma ya mgongo wake mpaka mimi mwenyewe nikapotea. Akaweka moja mbele ya Mukecuru.

Mukecuru akafungua. Jerikani ikapumua, pff. Akainamisha uso, akavuta hewa. Akasubiri, akavuta tena.

“Hii ni maji,” akasema.

Mwanawe alikuwa nyuma yangu, nikasikia akipiga hatua moja mbele. Kama ile ndiyo yenye chaki, hakuna lango. Fundi akasogeza ya pili. Mukecuru akaifungua, na kabla hata hajainama akageuza uso upande, akakohoa, akafuta macho kwa ukingo wa kanga.

“Yesu wangu. Toa hii kitu hapa.”

Hata mimi niliipata. Kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka kilima cha pili, lakini niliipata: thina, ile ya kazini, kali na tamu. Fundi aliipindua. Chaki ilikuwa pale chini, nyeupe, na karibu nayo plastiki ilikuwa na mawimbi madogo kama ngozi ya mkono uliokaa kwenye maji. Kama ningetazama vizuri siku ya kwanza ningeyaona.

Nikakaa chini palepale kwenye vumbi la mbao. Mtoto wa Mukecuru alicheka kicheko kirefu kisicho na sauti, mikono kichwani. Mukecuru alikwenda kwenye jerikani ya kwanza ya pombe, akachota kikombe, na mimi nikanyanyuka kumwomba aniachie mimi nianze, kwa kuwa ni mimi niliyeihamisha. Alinipa. Nilikunywa nusu bila kupumua. Ilikuwa chachu kidogo, ya kuamsha ulimi, na haikuwa na pumba hata moja. Akanipokonya kikombe akamalizia mwenyewe. Kisha tukaonja ya pili vilevile. Fundi akasema hata jirani wa daktari ana haki ya kumwona mgonjwa, akapewa chake.

Waliondoka saa nane kwa gari la kuazima, Mukecuru ameketi mbele na vazi lake begani, jerikani zimefungwa kamba nyuma, vitambaa vipya vyeupe kwenye mishikio. Nilimkumbusha mwanawe mara tatu asikaze vifuniko mpaka mwisho. Mimi sikuwa wa ukoo, nikabaki. Nilifagia ua. Nikaitoboa ile jerikani ya thina kwa patasi mahali patatu, isije ikampata mtu mwingine. Nikafagia tena.

Walirudi kabla jua halijazama. Nilijua kutoka getini, kwa jinsi Mukecuru alivyoshuka bila kungoja kushikwa mkono. Alisimulia akiwa bado amesimama. Walikaribishwa, maneno yakasemwa kwa mafumbo kama inavyotakiwa, wakaulizwa wamepotea njia au vipi, mjomba wa kijana, aliyekuwa msemaji wao, akajibu vizuri. Kisha pombe ikaletwa mbele. Alikishika kikombe, akakiinua, akanywa mpaka chini, akakigeuza kuonyesha hakikubaki kitu. Mkono haukutetemeka, alisema, na akaninyooshea nione. Babu alipokea cha kwake, akanywa kidogo, akakaa nayo mdomoni. Akauliza ni nani aliyeichuja, mbona safi hivi.

“Nikamwambia iko mtoto mmoja kwangu, anapenda kuosha.”

Babu akanywa tena. Baada ya hapo akamwambia baba wa msichana kwamba lango limeshikwa, na watu hawa warudi kuomba rasmi mwezi ujao.

Mwanawe alizibeba jerikani akaniletea bombani, moja kila mkono, akaziweka mbele yangu. Alisema ahsante, dada, akaenda kumpigia simu mchumba wake. Nilizipindua ili nizisuuze. Nilizitikisa, nikangoja. Halikudondoka hata tone la pombe. Nilifungua maji, na Mukecuru akapiga kelele kutoka mlangoni kwake kwamba nioshe kila kitu ninachotaka, ila vitambaa niviache.